Deni, Uongo na Amana ya Kazi: Mafunzo ya Historia kutoka Madina hadi Ukingoni mwa Ziwa Viktoria

  

Ndugu msomaji, kiongozi wa umma katika nchi yetu hutakiwa na sheria kujaza tamko linaloorodhesha mali zake, na pamoja na mali, madeni yake. Aidha, mtu anapofikiriwa kupewa kazi nyeti serikalini, hufanyiwa kile kinachoitwa upekuzi: mwenendo wake huulizwa, na ukweli wa maelezo yake hupimwa. Vijana wetu wa Mwanza, ambao wengi wao humaliza vyuo wakiwa na deni la Bodi ya Mikopo shingoni, huuliza maswali mawili. La kwanza, deni la mtu linamhusu nani zaidi yake na mdai wake? La pili, kama deni litamharibia mtu sifa, je, si afadhali alifiche?

Haya ni maswali ya fiqhi kabla hayajawa maswali ya serikali. Maulamaa wetu waliyazungumza katika milango ya ushahidi, ukadhi, kufilisika na amana, karne nyingi kabla ya kuwapo fomu yoyote. Tunalokusudia kulibainisha hapa ni jambo moja. Deni peke yake halimwondolei Muislamu uaminifu wake. Kinachomwondolea ni uongo unaojengwa pembeni ya deni, na deni huulizwa kwa sababu ndilo mlango ambao uongo huo huingilia mara nyingi.

Jina la mtu ndiyo dhamana

Tuanze na ukingo wetu huu wa ziwa. Mzungu Speke alifika hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, lakini habari za ziwa alizipata kwa wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, ambao walikwisha kuzijua njia za bara kupitia Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Biashara yao ilisimama juu ya mkopo. Mwenye msafara alichukua vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwa matajiri wa Unguja, akaenda bara miezi mingi, pengine miaka, kisha arudi na pembe za ndovu alipe. Mashuhuri kati ya matajiri hao alikuwa Taria Topan, ambaye ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed al-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip.

Na tuseme wazi kuwa misafara hiyo ilibeba pia watumwa, na dhulma hiyo haipambwi kwa kuwa waliokuwamo walikuwa Waislamu. Ila kwa suala letu, la kuzingatia ni kwamba aliyekopeshwa Unguja akifika Usukuma hakukuwa na kadhi wa kumrudisha. Dhamana iliyobaki ilikuwa jina lake. Akijulikana kuwa mkweli, hupewa mzigo mkubwa zaidi. Akijulikana kuwa huahidi na kukhalifu, milango hufungwa kwake na kwa wale wanaotoka naye.

Hapo Kageyi, ambayo leo iko wilayani Magu, alikaa mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro. Stanley alipofika hapo mwezi Februari 1875 alimkuta, na aliandika kuwa Songoro alikuwa na jahazi linaloundwa Ukerewe. Jahazi hilo wakaja kulitaka wamisionari wa Kiingereza waliofika ziwani mwaka 1877. Kisha ukazuka ugomvi kati ya Songoro na Lukonge, mfalme wa Ukerewe, na katika masimulizi ya ugomvi huo limetajwa deni: kwamba mfalme alidai hajalipwa haki yake katika mbao za jahazi. Songoro akakimbilia kwa wamisionari, mfalme akataka atolewe, wao wakakataa. Mwezi Desemba 1877 Songoro aliuawa pamoja na wamisionari wawili, Smith na O'Neill, na watu wengi waliokuwa nao.

Sisi hatumhukumu Songoro. Habari zilizotufikia zimeandikwa na upande mmoja, na Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) kuwa kadhi Yemen alimkataza kuhukumu baina ya wawili kabla ya kumsikia wa pili. Tunachochukua ni funzo tu. Dai la mbao kati ya watu wawili lilichangia kuleta vita vilivyomwaga damu ya watu ambao hawakukopa wala kukopesha. Basi asiseme mtu kuwa deni lake linamhusu yeye peke yake. Likiachwa bila maandishi, bila mashahidi na bila ukweli, linaweza kuwa jambo la usalama wa watu wote.

Mafundisho ya Madina

Kwa sababu hiyo Qur'ani Tukufu haikuliacha deni liwe siri ya watu wawili. Aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya deni: inaamuru liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye aseme kinachoandikwa wala asipunguze kitu, na mashahidi wawepo. Kabla yake kidogo, aya ya 280 inaamuru mwenye dhiki apewe muda hadi apate nafuu. Na Suratut Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Dini inayomwekea mwenye deni fungu katika zaka haiwezi kuwa inalihesabu deni lenyewe kuwa aibu.

Hata hivyo Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba ndani ya Swala kinga ya dhambi na kinga ya deni pamoja. Bibi Aisha (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kuwa mtu mmoja alimuuliza kwa nini anajikinga na deni mara nyingi hivyo. Jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba mtu akishadaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Tuizingatie sababu hii. Mtume (S.A.W.) hakuitaja fedha yenyewe, bali ulimi na ahadi. Na uongo na kuvunja ahadi ni alama mbili za mnafiki katika Hadithi mashuhuri, ya tatu yake ikiwa khiyana katika amana. Mwenye deni anayejitetea kwa uongo amekwisha kuzibeba alama mbili, na iliyobaki iko karibu naye.

Wengi huitaja Hadithi ya jeneza ambalo Mtume (S.A.W.) hakuliswalia kwa sababu maiti alikuwa na deni la dinari chache, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni hilo juu yake. Lakini wachache huitaja ile inayofuatia: Mwenyezi Mungu alipomfungulia nchi, akawa anasema kuwa Muumini akifa na deni bila cha kulipia, ni juu yake yeye kulilipa. Hadithi ya kwanza inamfundisha mkopaji uzito wa deni. Ya pili inaifundisha jamii wajibu wake.

Mifano miwili inayotofautisha

Historia ya Maswahaba inatupa mifano miwili ya kuiweka bega kwa bega.

Wa kwanza ni wa Muadh bin Jabal (R.A.), kijana karimu wa Ansari ambaye ukarimu wake ulimzamisha katika madeni. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliiuza mali yake akawagawia wadai. Wanazuoni wa Hadithi wana maneno katika isnadi yake, na wengi wao wamesema iliyo sahihi zaidi ni riwaya ya mursal, lakini mafaqihi wameitegemea katika mlango wa kufilisika. Kisha Muadh huyohuyo akatumwa Yemen kuwa mwalimu, hakimu na mkusanyaji wa zaka, jambo ambalo limethibiti bila shaka. Kufilisika kwake hakukumzuia kupewa amana ya fedha za umma. Kwa nini? Kwa sababu deni lake lilijulikana, hakulikana, na alichokuwa nacho kilikabidhiwa kwa wenye haki.

Wa pili ni wa Usayfi' wa kabila la Juhayna, ambaye Imam Malik amemtaja katika Muwatta. Mtu huyu alikuwa akinunua ngamia kwa bei ya juu kwa mkopo ili awatangulie mahujaji wenzake na asifiwe kwa hilo, mpaka akafilisika. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) akasimama mbele ya watu akaeleza kuwa mtu huyo ameridhika, katika dini yake na amana yake, na kusemwa tu kuwa amewatangulia mahujaji, naye amekopa bila kujali kulipa. Akawaita wadai waje asubuhi wagawiwe mali yake, akawatahadharisha watu na deni. Tofauti na Muadh iko katika nia na mwenendo: mmoja alitoa kwa ukarimu mpaka akaishiwa, mwingine alijinunulia sifa kwa mali za watu.

Sayyidna Umar ndiye pia aliyetuachia kanuni ya upekuzi. Imepokewa na Al-Bayhaqi kuwa mtu alipomshuhudia mwenzake kuwa ni mwema, Umar alimuuliza: Je, ni jirani yako, unajua kuingia kwake na kutoka kwake? Je, umefanya naye muamala wa dinari na dirhamu? Je, umesafiri naye? Alipojibu hapana kwa yote, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Na katika baadhi ya riwaya akaongeza kuwa huenda amemwona tu msikitini akiinama na kuinuka. Swala ni nguzo ya dini, lakini uaminifu katika fedha hujulikana kwenye fedha. Umar huyohuyo alikuwa akiorodhesha mali za magavana wake anapowateua, na ikizidi kwa namna isiyoelezeka huwagawia, nusu yao na nusu ya Baitul Mal.

Baadaye kazi hii ikawa na utaratibu wake katika mahakama. Al-Kindi, aliyefariki mwaka 350 Hijria, ameeleza katika historia ya makadhi wa Misri kuwa hapo mwanzo shahidi anayejulikana kwa wema alikubaliwa. Ushahidi wa uongo ulipoenea katika zama za Kadhi Ghawth bin Sulayman, katika karne ya pili Hijria, akaanza kuuliza habari za mashahidi kwa siri. Mahakama zikapata watu maalumu wa kazi hiyo ya tazkia. Hivyo upekuzi si jambo geni kwetu.

Hukumu ya mafaqihi

Mafaqihi wameweka mstari ulio wazi. Mwenye dhiki asiyeweza kulipa hana dhambi kwa kuchelewa, wala uadilifu wake hauporomoki. Mwenye uwezo anayezungusha wadai wake, Mtume (S.A.W.) ameuita mwenendo wake dhulma, na katika riwaya nyingine amehalalisha alaumiwe hadharani na aadhibiwe. Ibn Hajar katika Fat'hul Bari ameeleza kuwa wengi wameona mzungushaji huyo ni fasiki, kisha wakakhitilafiana: je, huwa fasiki kwa mara moja au mpaka arudie? Imam An-Nawawi ameona kuwa madhehebu yetu ya Shafii yanahitaji kurudia, na As-Subki akamjibu kuwa hayahitaji. Angalia, ndugu msomaji: khitilafu yao ni mara ngapi mwenye uwezo azungushe ndipo ushahidi wake ukataliwe. Hakuna kati yao aliyemhukumu maskini kwa umaskini wake.

Kutoka mizani ya pamba hadi tamko la madeni

Turudi ziwani, tuone jinsi jambo hili lilivyojirudia kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Kwa dhulma hiyo, ambayo Suratul Mutaffifin imeiahidi adhabu kali, vikazaliwa vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, makao yake hapa Mwanza, ambao ulikuwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika. Mkulima aliona mizani sasa ni yake.

Lakini mizani kuwa ya mwenzako si dhamana kuwa ni ya haki. Haikupita miaka mingi malalamiko yakageuka kuelekezwa kwa makarani na viongozi wa ushirika wenyewe, na mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Miongoni mwa iliyoyabaini ni ukosefu wa uaminifu kwa baadhi ya watumishi na wanachama kutojua haki zao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Zilikuwapo sababu nyingine pia, za siasa na uchumi, lakini hapana shaka kuwa khiyana ya wachache ililiharibu jambo lililoanzishwa kuondoa khiyana.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko ya uongozi, ambayo ilitazama zaidi kile kiongozi anachomiliki: hisa, mishahara miwili, nyumba za kupangisha. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikaongeza jicho la pili, yaani kile anachodaiwa. Kiongozi hutoa tamko la rasilimali na madeni anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na anapotoka. Na tazama sheria hiyo inapoliweka kosa: ni kutotoa tamko bila sababu ya msingi, au kutoa tamko la uongo kwa kujua. Kudaiwa si kosa. Katiba nayo, katika ibara ya 67, inamnyima sifa ya kugombea ubunge mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu, na inawataja waliofungwa kwa makosa ya utovu wa uaminifu. Mafaqihi wangeliona mstari wao hapo.

Kwa nini dola ziogope deni la mtumishi? Mfano mashuhuri ni wa Aldrich Ames, afisa wa shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 1985, akiwa amebanwa na madeni, aliwauzia Warusi siri kwa dola 50,000 za mwanzo. Watu kadhaa waliokuwa wakiitumikia Marekani wakauawa kwa sababu yake. Alipoanza kuishi kitajiri alidai fedha zatoka kwa wakwe zake, na uongo huo ukamkinga mpaka alipokamatwa Februari 1994. Deni lilifungua mlango, na uongo ukaufunga nyuma yake asionekane. Hata hivyo miongozo ya nchi hiyo ya kumpima mtumishi wa kazi za siri humwangalia kwa wema aliyeingia katika deni kwa maradhi au kupoteza kazi, ikiwa anashughulika na wadai wake kwa uaminifu. Anayeficha kwa makusudi hupimwa kwa kipimo kingine kizito zaidi.

Na hapa kwetu, Aprili 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Walikuwamo waliotumikia miaka mingi. Hawakuondolewa kwa umaskini wala kwa deni, bali kwa karatasi iliyosema uongo.

Wasia wetu

Kwa vijana: mkiulizwa madeni yenu, yaandikeni yote. Deni la masomo lililo wazi ni kama deni la Muadh. Lililofichwa limekwisha kuwa jambo jingine, na anayeijua siri yako ana kamba ya kukuvutia. Lipeni kidogo kidogo kwa mpangilio, na mkishindwa, mwendeeni mdai kabla hajawatafuta. Jiepusheni na mikopo ya riba inayoitwa kausha damu, kwani ni dhambi juu ya dhiki.

Kwa maimamu na kamati za misikiti: mnapomchagua mweka hazina au msimamizi wa fedha za Hija, msitosheke na safu anayoswalia. Ulizeni maswali matatu ya Sayyidna Umar. Wala msimkatae mtu kwa kuwa ni maskini au anadaiwa, mkamkabidhi tajiri ambaye wadai wake wanamfuata hadi mlango wa msikiti. Na mgao wa zaka ufikieni wenye madeni, kwani anayesaidiwa kulipa amesaidiwa pia kutosema uongo.

Kwa wanaopekua: Mwenyezi Mungu amekataza kupeleleza aibu za watu katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Maulamaa wameruhusu kutaja hali ya mtu kwa haja ya kushauri, kama Mtume (S.A.W.) alivyomweleza Fatima bint Qays (R.A.) hali za wachumba wake, na mmoja wao alimtaja kuwa hana mali. Hapo palikuwa na haja, na maneno yakaishia kwenye haja. Ulizeni linalohusu kazi, limtunzeni siri, na msigeuze dhiki ya Muislamu kuwa mazungumzo ya barazani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atulipie madeni yetu, aziepushe ndimi zetu na uongo, na atujaalie kuwa wenye kuzirudisha amana kwa wenyewe. Wallahu a'lam.